Mabati Ishirini na Mawili

Mlango wa nyumba yangu ulikwaruza sakafu kwa miaka tisa. Asubuhi niliuinua kwa bega ndipo ufunguke, jioni niliusukuma kwa goti ndipo ufungike, na mara ngapi nilimwomba Umuro aniletee fundi sijui tena, nilishachoka kuhesabu. Umuro alikuwa na jibu moja tu: pesa hakuna, ng'ombe wanataka dawa. Halafu siku moja, mwaka wa themanini na tano, akaja Mmeru mmoja anaitwa Salesio na sanduku lake la vifaa. Aliung'oa ule mlango, akaupiga randa upande wa chini, akaubadilishia bawaba, akaurudisha mahali pake, na chai niliyomwekea bado ilikuwa moto. Nilisimama pale nikiufungua na kuufunga kwa kidole kimoja. Badala ya kufurahi nilitaka kulia kwa hasira, kwa sababu mlango haukutengenezwa kwa ajili yangu. Ulitengenezwa kwa ajili ya mtu wa kununua nyumba.

Mimi ni Gumato Diba, mzaliwa wa Kinna. Nilihamia Isiolo mjini mwaka wa sabini na nne, mtoto mmoja mgongoni na mwingine nimemshika mkono, Umuro akiwa na mifugo yake huko Sericho, anaonekana mwezi huu anapotea mitatu. Ploti alipewa yeye na baraza la mji, hilo sikatai, karatasi ina jina lake. Lakini udongo nilichimba mimi na wanawake wa jirani, tukaukanyaga kwa miguu, tukakandika ukuta. Mabati ishirini na mawili niliyanunua kwa maziwa, leo moja, baada ya miezi miwili jingine, nikiamka kabla ya adhana kupokea maziwa yaliyotoka maboma ya nje ya mji na kuyapeleka sokoni. Mwaka mzima nusu ya nyumba ilikuwa na bati na nusu ilikuwa na mikeka, na watoto walijua mvua ikija wakimbilie upande gani.

Ukame wa themanini na nne ulimaliza ng'ombe wa Umuro, akabaki na fahali mmoja tu. Alirudi kwa miguu, midomo imepasuka, na kwa wiki mbili hakusema neno la maana. Nilimhurumia. Nasema kweli, nilimhurumia mpaka siku aliponiambia kwamba anauza nyumba anunue mitamba, kisha mimi na watoto twende Sericho tukae kwa mama yake. Tiya, binti yetu mkubwa, alikuwa darasa la nane na alikuwa wa pili katika shule nzima. Huko tulikokuwa tukipelekwa hakukuwa na shule ya kumfaa. Nilimwambia Umuro siondoki. Akacheka, akapiga mfuko wa shati ambamo karatasi ya ploti ilikuwa imekunjwa, akatoka kwenda kunywa chai.

Mteja alipatikana huko huko kwenye chai. Alikuwa Anderson Kiogora, mtu wa ofisi, amehamishwa kutoka Meru na amechoka kupanga chumba. Na kuna mjuaji mmoja alimfundisha Umuro kwamba watu wa ofisi wananunua kwa macho, kwamba nyumba ya udongo ikipigwa plasta na chokaa inageuka nyumba nyingine. Basi Umuro aliuza fahali wake wa mwisho, yule aliyekuwa akisema hata njaa ije vipi hamgusi, ndipo Salesio akaitwa.

Wiki tatu nyumba yangu ilirembwa kama bibi harusi anayepelekwa kwa lazima. Ukuta ulipigwa plasta ya simenti, ukapakwa nyeupe juu na bluu chini mpaka usawa wa goti, kama afisi ya chifu. Sakafu ilisiribwa upya. Dirisha la chumba cha watoto, ambalo nililiziba kwa gunia kila msimu wa upepo, liliwekewa kioo. Kila msumari uliopigwa nilisikia kama natukanwa. Yaani pesa ilikuwepo, mikono ilikuwepo, fundi alikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuona kwamba mimi pia nastahili dirisha.

Salesio hakuwa mtu mbaya. Siku ya kwanza alipiga ukuta kwa mpini wa mwiko, akasikiliza, akaniuliza ni nani aliyekandika. Nilipomwambia ni mimi, alitikisa kichwa. "Mama, hii ukuta imekaa miaka kumi na haina ufa hata moja," alisema. "Mimi ninapaka poda tu." Tangu siku hiyo, akitaka kujua jambo lolote kuhusu nyumba, aliniuliza mimi, hata Umuro akiwa amesimama hapo hapo.

Baada ya rangi ikaja kazi ya kupanga. Umuro alitaka nyumba ikae kama ya watu wa ofisi. Alimwomba jirani yetu Habsa atuazime sofa zake mbili na vile vitambaa vyeupe vya kufuma vinavyotandikwa migongoni. Akapata saa ya ukutani kwa mtu, na kalenda yenye picha ya maua kwa mtu mwingine. Halafu akaanza kuondoa. Kwanza aliniambia nitoe mbuzi wangu watatu uani, maana watanuka. Nikawapeleka kwa Habsa. Kesho yake akasema vyombo vyangu vya maziwa vitoke ukutani, vile tunavyosuka kwa mizizi na kuvifukiza kwa moshi wa mti mzuri, kwa sababu huyo mtu akisikia ule moshi atajua ni nyumba ya wafugaji na atashusha bei. Nikavifunga ndani ya shuka nikavipeleka kwa Habsa. Siku ya tatu alikuna kichwa, akaangalia huku na kule kama mtu anayetafuta kilichobaki, akaniambia Jumamosi mteja akija ni vizuri nami niende nikae kwa Habsa.

Nilienda. Mtu akiniuliza kwa nini nilienda, namwambia ukweli kwamba nilikuwa nimechoka. Nilimwambia Umuro mara kumi kwamba siondoki na mara kumi alijibu kwamba karatasi ni yake. Nilifikiri labda huo ndio mwisho wangu, nitakaa kwa Habsa kama mbuzi wangu mpaka nifungwe kamba kwenda Sericho.

Jumamosi saa nne akaja Kiogora, suruali ya kijivu, kalamu mfukoni. Umuro alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mzee Galma, ndugu wa marehemu baba yake, alikuwa ametoka Kinna tangu jana yake ili awe shahidi wa mauzo, na kwa ukoo wetu neno lake likitoka halirudi. Walikaa kwenye sofa za Habsa. Kati ya ua wa Habsa na dirisha langu jipya kulikuwa na uzio wa fito tu, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nilimsikia Kiogora akisifu rangi. Nilimsikia akiuliza nyumba ilijengwa na fundi gani, maana imesimama wima.

"Hii nyumba nilijenga mimi mwenyewe, na mikono yangu," Umuro akasema.

"Na mama wa nyumba?"

"Mama yuko huko reserve, na ng'ombe. Yeye hajui mambo ya mji."

Habsa alinishika mkono. Sikujua hata kwamba nimesimama. Kuuza ningeweza kulia nikanyamaza, lakini mtu huyu alikuwa ananifuta kama masizi ya jikoni, mbele ya mzee Galma, ambaye alijua vizuri sana.

Sasa hapa nieleze, maana si kila anayesoma ni wa kwetu. Kwa Waborana nyumba ni ya mwanamke. Si kwa maneno ya kubembelezana, ni yake. Yeye na wanawake wenzake ndio wanaoisimamisha, na siku ya kuhama ni yeye anayeifungua, fito kwa fito na mkeka kwa mkeka, anaipakia juu ya ngamia na kwenda kuisimamisha mahali pengine. Mama yangu alihama hivyo maisha yake yote na sikuwahi kumwona baba akigusa hata kamba. Nilipokuja mjini, mimi mwenyewe nilidhani kwamba simenti na karatasi vimemaliza hayo mambo. Pale kwenye ua wa Habsa niliona kwamba havijamaliza kitu. Umuro alitaka tuhame, na mimi nilijua mwanamke anahama vipi.

Ngazi ya Salesio ilikuwa imeegemea ukuta wa nyuma, yeye akimalizia rangi ya dirisha la jikoni. Nilichukua nyundo kwenye sanduku lake bila kuomba. Alinitazama, akatazama nyundo, akarudi kwenye brashi yake. Nikapanda. Nilikuwa na miaka thelathini na sita na watoto watatu na sikuwahi kupanda juu ya paa isipokuwa siku za kulipigilia. Nilipofika juu nikatia jino la nyundo chini ya kichwa cha msumari nikaung'oa. Ulilia kweli kweli. Nikang'oa wa pili, wa tatu, mpaka bati la kwanza likaachia. Nikalisukuma pembeni. Chini yangu nilimwona Kiogora amekaa na kikombe mkononi, jua limemwangukia usoni, anapepesa macho.

Umuro alitoka mbio. Aliniambia nishuke, wageni wapo.

"Si umesema tunahama?" nilimjibu kutoka juu. "Basi mimi nahama. Ploti ni yako, uza. Nyumba yangu naenda nayo."

Alimgeukia Salesio, akamwamuru aje kunishusha. Salesio alipangusa mikono pole pole. Alisema yeye aliitwa kutengeneza nyumba, hakuambiwa habari ya kushusha mama ya mtu. Ndipo Umuro akamwendea mzee Galma, ambaye alikuwa ametoka na kikombe chake na amesimama uani, amekinga macho kwa kiganja, akiniangalia. Hapo ndipo niliogopa kabisa. Salesio na Kiogora hawakuwa na uwezo juu yangu, lakini mzee yule akisema shuka, ningeshuka.

"Mzee, mwambie," Umuro akasema.

"Nani alisimamisha hii nyumba?" Galma akauliza.

"Mzee, hapa ni mji. Hapa si kama huko."

"Nimekuuliza nani alisimamisha."

Umuro akaangalia huku na kule. Fundi alikuwa anasikia, Kiogora alikuwa mlangoni anasikia, na Habsa na wanawake wengine wanne walikuwa wamejipanga kwenye fito wakisikia.

"Basi anafungua nyumba yake," Galma akasema. "Mimi nimwambie nini?"

Alivuta kigoda akakiweka mbali kidogo, mahali ambapo bati likianguka halitamfikia, akakaa kumalizia chai yake. Niliwahi kupewa mahari, niliwahi kuombewa dua na masheikh, lakini siku hiyo ndiyo nilijiona mtu. Nililia machozi juu ya paa na sikuyapangusa, maana mikono ilikuwa na kazi.

Kiogora hakukasirika. Aliniangalia, akamuuliza Umuro kwa upole kama huyu ndiye yule mama aliye reserve. Kisha akasema labda wiki ijayo waje kuongea habari ya ploti peke yake. Alipotaka kukaa tena angojee jibu, Habsa alishaingia. Alimsalimia kwa heshima zote, akamwomba asogee, akaanza kutoa sofa zake.

Wanawake walikuja kama wanavyokuja siku ya kuhama, bila kuitwa mara mbili. Kufikia alasiri mabati yote yalikuwa chini, na mbao za paa, na madirisha. Mlango pia niliuchukua, maana mbao zake nilinunua mimi. Lakini zile bawaba mpya, na kile kioo cha chumba cha watoto, nilivitoa nikavipanga juu ya kizingiti, vitu vya Umuro. Emuria, Mturkana wa mkokoteni, alibeba safari tatu mpaka ng'ambo ya mji, kwenye barabara ya Gotu, ambako wakati huo hapakuwa pamepimwa. Tulipoondoka kuta zilikuwa zimesimama bila kichwa, nyeupe juu na bluu chini. Rangi yake sikubeba hata tone.

Tulikandika upya kwa wiki mbili. Tiya alikuwa akitoka shule anavua sare na kuingia kwenye udongo. Mwaka huo huo alifanya mtihani wake, akapita.

Umuro aliuza ploti. Alipata mitamba michache kuliko aliyoiota, akaipeleka Sericho, na baada ya miezi minne akaja, akasimama nje ya mlango wangu mpaka nilipomkaribisha. Sikumkataa. Sikuwa nimeachika, nilikuwa nimehama. Anakuja, anakunywa chai, analala, anarudi kwa mifugo yake, na mlango ukimkwama anausukuma kwa bega kama sisi wengine.

Mwaka wa themanini na saba watu wa baraza la mji walifika na kamba zao na daftari kupima upande wetu. Umuro alikuwepo siku hiyo, amekaa kivulini, na kwa sababu ndiye aliyekuwa mwanaume, karani alimwendea yeye na kuuliza aandike jina gani. Umuro akafungua mdomo.

"Andika Gumato Diba," nikasema, nikatoka nje na mikono yangu yenye unga.

Karani alimtazama Umuro. Umuro alitazama vidole vya miguu yake, akatikisa kichwa kukubali. Karani akaandika. Halafu, kwa adabu tu, akaniuliza mzee naye wamwandike wapi.

"Huyo ana ng'ombe wake," nikamwambia.