Maneno Hayashikiki

Liberatus alikuwa amelivuta kochi lake mpaka magoti yakakaribia kugusa meza ya runinga. Kiganja amekikunja nyuma ya sikio, shingo ameinyoosha, kama mtu anayenasa maongezi ya nyuma ya mlango. Msomaji wa habari alinguruma. Vioo vya dirisha vilitetemeka, na jirani wa ng'ambo ya ua akakohoa kile kikohozi cha kulalamika bila kulalamika.

"Baba Lea, punguza," Tumpe aliita kutoka jikoni.

"Nipunguze nini, Mama Lea? Vijana hawa wanamumunya. Sauti naisikia. Maneno ndiyo hayashikiki."

Mumewe alikuwa bwana shamba mstaafu, aliyezeekea katikati ya matrekta na mashine za kukoboa mpunga kule Madibira. Masikio gani yasingechoka? Tumpe alimpeleka hospitali kupimwa, na daktari akasema masikio ni mazima kwa umri wake. Walirudi nyumbani Kihesa wakiwa wepesi wa moyo. Kama masikio ni mazima, basi mbovu ni runinga, na runinga ina fundi.

Binti yao, Lea, anayefanya kazi Mbeya, alituma kwa basi spika ndefu, nyembamba, ya kulaza mbele ya runinga. Fundi Isaka akaja kuifunga. Aliizunguka sebule, akapiga kofi moja, akasikiliza mwangwi wake.

"Mama, runinga hizi bapa spika zake ziko mgongoni," alisema. "Sauti inaanza kugonga ukuta ndipo ije kwenu. Halafu hapa chini vigae, juu bati tupu. Neno likitoka, linarukaruka humu ndani kabla halijafika kwa mzee."

Akaitoa runinga kwenye kona. Akapunguza besi, akaingia kwenye mipangilio na kuchagua ule wa mazungumzo, ili muziki usiyameze maneno. Tumpe naye hakukaa. Alitandika zulia, akatundika pazia zito, akaondoa kitambaa cha kufuma kilichokuwa kikining'inia mbele ya runinga. Alihangaika kwa furaha ya mtu aliyekwisha kuambiwa dawa ipo.

Isaka akawasha. Mwanamke mmoja alikuwa akieleza namna ya kuhifadhi mahindi yasishambuliwe na dumuzi. Ilikuwa kama ameketi nao chumbani. Hata pumzi aliyovuta kati ya sentensi na sentensi ilisikika. Tumpe alimgeukia mumewe akitabasamu. Habari za dumuzi! Mumewe huyu ndiye aliyewafundisha watu wa vijiji vingapi habari hizo.

Liberatus alisikiliza kwa utulivu mrefu. Kisha akamwinamia mkewe, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kumwaibisha mwenyeji.

"Wanaongea lugha gani hawa?"

"Kiswahili, Baba Lea."

"Aa," alisema, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Isaka aliinama kukusanya bisibisi zake, na akachukua muda mrefu kuzikusanya.

Baada ya siku ile, Tumpe aliirudia miezi iliyopita kama mtu anayerudia njia akitafuta kilichodondoka. Alikumbuka chumvi ilivyoitwa "ile nyeupe". Alikumbuka zile "ndiyo" alizojibiwa kwa maswali yasiyotaka ndiyo. Safari hii walimwona daktari mwingine, naye alimweleza taratibu kwamba ugonjwa uko kwenye ubongo. Hauponi. Kwa baadhi ya wagonjwa, alisema, lugha waliyoipata ukubwani hutangulia kuondoka, na ile ya utotoni hubaki nyuma.

Tumpe aliitikia. Alipofika nje ya geti la hospitali ndipo alipojishika kwenye ukuta.

Yeye alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe. Mumewe Mhehe wa Kilolo. Walikutana Madibira, penye watu wa kila pembe, na hapakuwa na aliyejua lugha ya mwenzake. Walichumbiana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili wakamzika mtoto wao wa kwanza. Kwa wakwe alijifunza kusalimia na kucheka wengine wanapocheka. Yaliyobaki Liberatus alimtafsiria. Kila mwaka alisema atajifunza. Mkalimani alikuwepo, haraka ya nini?

Msimu wa baridi ulipoingia, Bertha, dada yake Liberatus, alikuja kutoka Kilolo na kiroba cha njegere.

"Kamwene," alisalimia mlangoni kwa Kihehe.

Liberatus aliinuka kwenye kochi kama aliyeamshwa. Maneno yakamtoka mfululizo, mepesi, yenye mizaha ndani yake; alicheka hadi akafuta macho. Tumpe alisimama na sinia la chai, akimsikiliza mwanamume ambaye yeye alidhani ameshamzika nusu. Alikuwepo mzima, ng'ambo ya mto usio na daraja. Alimwonea wifi yake wivu wa mke mwenza, kisha akaona haya.

"Anasema nini, wifi?"

"Habari za ng'ombe wa baba. Yule aliyeingia kanisani."

Tumpe alikuwa hajawahi kuzisikia.

Jioni, wakimenya njegere, Tumpe alisema bila kuinua uso, "Wifi, nifundishe."

"Kihehe? Uzee huu?"

"Maji. Baridi. Kula. Nipo hapa. Hayo tu yanatosha kuanzia."

Bertha akamtazama, akasogeza kigoda chake karibu.

Ulimi ulikuwa mzito. Kinyakyusa kilimvuta huku, Kiswahili kule. Aliyarudia maneno akifua, akayarudia akisonga ugali. Siku moja ya jua la kuota, Liberatus akiwa amekaa barazani na blanketi mapajani, alimpelekea kikombe na kumwambia kwa Kihehe kwamba maji haya ni yake, na kwamba yeye yupo hapa.

Liberatus aliinua macho. Akalirudia neno moja polepole, akimrekebisha kwa upole uleule aliowarekebisha nao wakulima wake. Tumpe akalisema tena. Mzee akatabasamu, akauliza jambo.

Bertha, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, aliacha kupepeta.

"Anauliza wewe ni binti wa nani."

"Mwambie, wa Mzee Saulo," alisema Tumpe. " Wa Rungwe."

Bertha akamwambia. Liberatus alistaajabu, akaitazama ile sura iliyo mbele yake kwa huruma ya mtu anayemwona mgeni aliyechoka na safari. Akauliza tena.

"Anasema Rungwe ni mbali," Bertha alitafsiri. "Anauliza, nani alikuleta huku?"

Tumpe alichuchumaa, akaushika mkono uliokuwa umeshika kikombe. Hakuyaondoa macho yake usoni pa mumewe.

"Wifi," alisema, "'wewe' mnasemaje?"