Pale Barabara Ilipopanuka

Chefu Assumani, mkuu wa kijiji cha Swima, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, alikuwa na ugonjwa wa barabara pana. Wanaume wengine wa Swima huweka picha za wachezaji wa mpira katika simu zao. Yeye aliweka barabara. Alikuwa nayo ile ya Dar es Salaam iendayo Kibaha, magari yakipita manne manne kila upande. Alikuwa nayo ya Thika, huko Kenya. Alikuwa nayo moja ya Amerika, pana kiasi kwamba ungelima mihogo toka ukingo huu hadi ule, ungelisha kijiji kizima na wageni wao.

"Angalia, Mama Aline," alimwambia Félicité kila alipopita kwake kununua ndagala, wale dagaa wa ziwani. "Kule batu habangojane. Kila mutu na njia yake. Na siye iko siku itatufikia."

Félicité alimfungia ndagala zake. Habari za barabara zilikuwa zikimchoma. Aline, binti yake wa pekee, alikuwa amefia barabarani. Uchungu wa kuzaa ulimshika asubuhi, wakamtia kwenye gari kumpeleka hospitali mjini Baraka, na pale kwenye kona ya mawe, kijiji kinapokwisha, malori mawili yakawa yamekutana uso kwa uso. Upande huu mlima, upande ule ziwa. Dereva wa maharage alisema rudi wewe. Dereva wa saruji alisema rudi mwenyewe. Wakatukanana mpaka wakaishiwa matusi, na njia ilipofunguka, Aline na mtoto wake walikwisha kwenda zao.

Félicité alimzika mbele ya nyumba, karibu na barabara. Juu yake akapanga mawe meupe aliyoyabeba mwenyewe kutoka ziwani. Ndugu walitaka alazwe nyuma, kwenye migomba, pamoja na wakubwa wake. Alikataa katakata.

"Abaki hapa. Badereva bamuone."

Madereva hawakuona kitu. Walipita wakipiga honi.

Basi ikaja kampuni. Mhandisi wake, Nicolas, kijana mpole mwenye kofia ya njano, alichomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu pande zote mbili, mbali sana na barabara iliyokuwepo. Akasema mbele ya watu wote kwamba kijiji kitakachojifungulia njia chenyewe, mpaka kwenye vijiti, ndicho kitakachoanza kupata lami. Assumani alikaribia kulia kwa furaha. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema, na kesho yake akapiga kengele ya salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi.

Hapo ndipo watu wa Swima walipofanya jambo ambalo hata adui hakuwahi kuwafanyia: walibomoa kwao kwa mikono yao, tena kwa nyimbo. Baraza zikaenda, majiko yakaenda, nyua zikaenda. Bukuru, mkimbizi wa Burundi ambaye Félicité alikuwa amempa kipande cha uwanja wake ajenge, alivunja chumba chake cha mbele, matofali aliyoyafyatua mwenyewe bado hayajaota hata ukungu. Hakuna aliyeuliza ikiwa lami nayo inajua habari za vijiti. Ukitaka kumwona Mkongomani akiamini jambo, mwambie goudron, ndiyo lami yenyewe, inakuja.

Walipofika kwenye mawe meupe, majembe yakasimama. Kaburi haliguswi na mkono usio wa ukoo, kila mtu alilijua hilo, hata Assumani aliyekuwa akitamani kusahau.

"Tuizungushe njia," Bukuru alisema. "Mama, tutapita kando."

"Kijiti iko kule," Assumani alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu. "Tukikunja njia, batatuambia hatukumaliza."

Félicité aliyasogelea mawe. Moyo wake ulikuwa ukimwambia awafukuze wote, na sauti nyingine ikimwambia kwamba Aline amekufa bure, na kwamba huenda leo kifo chake kitapata kazi ya kufanya. Aliinama, akalichukua jiwe la kwanza.

"Njia ndogo ndiyo ilimuua," alisema. "Basi alale chini ya njia kubwa. Mutoto ya mwingine asikufe kama yangu."

Alitoa mawe yote peke yake. Wanawake walilia. Wanaume walitazama ziwa.

Mashine ilikuja kweli, tusiseme uongo. Ilisawazisha toka nyumba ya Assumani hadi kanisani. Wakubwa wa serikali wakaja na magari meusi, wakakata utepe, wakapigwa picha wakiwa wamesimama katikati, na upana wa barabara ukaonekana vizuri sana nyuma yao. Siku zile habari za vita kutoka mji wa Uvira zilikuwa mbaya. Kampuni ikapakia mashine yake, Nicolas akawapa watu mkono mmoja mmoja, wakaondoka. Lami ilibaki midomoni.

Ndivyo Swima ilivyopata barabara pana kuliko zote za eneo la Fizi, kipande ambacho ungeweza kukitembea kabla kikohozi hakijakuisha. Kabla yake barabara ilikuwa nyembamba, na baada yake ikabana tena kama shingo ya kibuyu, ikaingia kwenye kona ya mawe kama zamani. Assumani alikipiga picha. Akakiweka katika simu, baada ya ile ya Amerika.

Wa kwanza kukipatia kazi walikuwa wanaume wenye bunduki. Zamani kizuizi chao cha kutoza malori pesa kilikuwa cha taabu, lori moja likisimama linaziba njia na wao wenyewe hawapiti. Hapa palikuwa na nafasi ya kupanga malori hadi macho yachoke. Wakafunga kamba kutoka upande hadi upande, wakaleta viti. Félicité aliwatazama kutoka mlangoni. Aliiona kamba ikipita juu ya mahali pale hasa, akameza hasira yake na ugali wake kwa pamoja.

Siku Jocelyne, mke wa Bukuru, aliposhikwa na uchungu, ilikuwa asubuhi kama ile nyingine. Mumewe alipata gari, wakamlaza kiti cha nyuma, wakafika kwenye kamba. Malori yalikuwa yamejipanga mbele yao. Kijana mwenye bunduki aliinama dirishani, akamtazama Jocelyne anayelia, akasema kila mtu angoje zamu yake mpaka mkubwa atoke kula.

Félicité alitoka akiwa ameshika kisu cha kumenyea mihogo.

"Baba, unasimama juu ya mutoto yangu," alimwambia.

Kijana alitazama chini. Aliona udongo tu. Lakini lazima alikuwa na mama mahali fulani, kwa sababu alivua kofia na kusogea pembeni.

"Pole, mama. Sikujua."

"Fungua kamba."

"Ile siwezi."

Basi Félicité akaikata. Kijana aliinua bunduki, akaishusha, akamgeukia mwenzake kana kwamba mwenzake ndiye atakayesema la kufanya. Gari lilipenya kando ya malori na kwenda mbio, na Félicité, kwa mara ya kwanza tangu amzike binti yake, akasikia kifua chake kimekuwa chepesi.

Mchana Bukuru alirudi kwa miguu. Alikaa chini kwenye vumbi, karibu na miguu ya Félicité.

"Tulikuta lori kwa kona," alisema. "Ilizama kwa matope. Ilifunga njia yote."

"Jocelyne?"

"Iko muzima. Bamama bamemusaidia palepale kwa majani." Akachota vumbi kiganjani, akalimwaga. "Mutoto, hapana."

Kesho yake kamba ilikuwa imefungwa upya. Walikuwa wameisogeza kidogo upande wa kanisa, kwa heshima ya marehemu. Kijana wa jana alimpungia Félicité mkono, akitaka aione.

Félicité aliiona. Aliingia ndani, akatoka na jembe na mzigo wa vijiti vya mihogo, akaenda hadi katikati ya barabara na kuanza kulima. Alitifua tuta pale alipokumbuka kichwa cha Aline, akalivuta hadi pale alipokumbuka miguu. Assumani alikuja mbio, kanzu mkononi.

"Mama Aline! Utaharibu njia! Iko nafasi moja tu ya vile Fizi muzima!"

"Njia yako iko kwa simu, Chefu," alijibu bila kuinua uso. "Huku miye ninalima."

Alichomeka kijiti cha kwanza, akakishindilia kwa kisigino. Malori yaliyoruhusiwa yalianza kupita, moja huku, moja kule, bila hata kupunguza mwendo. Nafasi ilikuwepo tele.