Ngoma Isiyochelewa

Mdogo wangu hana meno sita ya mbele, na aliyeyatoa ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisimulia habari za bendi yetu huanza na nyimbo, kisha wanalizunguka lile tukio huku wakiniangalia kwa jicho la pembeni, kana kwamba mwenyewe nimesahau. Sijasahau. Nilimpiga kwa chuma cha kusimamishia toazi, mbele ya watu elfu mbili, katikati ya wimbo wa tano, na wala sikumkosa, maana mpiga dramu ana shabaha.

Tulikuwa watatu. Mimi kwenye dramu, mdogo wangu akiimba na kupiga gitaa, na shemeji yetu, mume wa dada yetu, kwenye besi. Bendi tuliiita Shoti. Tulipiga roki ya makelele, ile ambayo majirani wakiisikia wanafunga madirisha kwanza, halafu ndiyo wanatukana. Jina lilitufaa kuliko tulivyojua. Tuliwaka, tukaunguza kila kitu, tukaishia gizani.

Kilichotuunguza ni unga, ule wa kulevya. Na unga huo, wa kwanza kunipa alikuwa mdogo wangu. Siku ya onyesho letu kubwa la kwanza mikono ilinitetemeka hadi vijiti vikawa vinanidondoka. Akanivuta chooni, akanipa karatasi iliyokunjwa, akaniambia ni kidogo tu, cha kutuliza. Yeye alishaonja mara mbili tatu, akaacha kama mtu anavyoacha karanga. Mimi nilikaa nao miaka sita. Nyumbani hakuna aliyejua nani alianza. Mama alikufa akiamini kwamba mimi, mkubwa, ndiye niliyeileta balaa ile kwenye bendi, na nikanyamaza. Mkubwa jalala, kila taka hutupwa kwake.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye kosa letu. Unga ulinifanya nichelewe. Mkono wangu ulikuwa unaiangukia ngoma kitambo kidogo baada ya pale ulipotakiwa kuanguka, kila pigo linavuta mguu. Watu wakaupenda mdundo ule. Wakasema hawa jamaa wana uzito. Mdogo wangu akajifunza kuvuta pumzi katika ule uchelewaji, akatunga nyimbo zote akiutegemea, na sote watatu tukadhani ni kipaji. Miaka sita ya mazoezi, hatukuwahi hata siku moja kuzipiga nyimbo zetu nikiwa na akili timamu. Hatukuwa tunazijua.

Baadaye sikuchelewa tu, nikawa nasinzia. Maonyesho yakapungua, ngumi zikaongezeka. Niliuza gitaa la mdogo wangu. Akanipasulia chupa kichwani tukiwa ndani ya gari, linaendeshwa. Nilimchoma shemeji uma mkononi kwa sababu alinifichia funguo. Alifunga kitambaa akapiga besi hivyohivyo, akasema mke wake humfanyia makubwa kuliko hayo. Tukacheka. Tulikuwa tunacheka damu inachuruzika, wendawazimu watatu.

Siku ya mwisho nililala juu ya ngoma, wimbo ukiendelea. Mdogo wangu akanimwagia ndoo ya maji, akasogeza maiki, akawaambia watu wamsalimie teja. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilipoinuka nilikuwa na kile chuma mkononi. Pigo la kwanza lilimpata mdomoni, nikasikia meno yakivunjika, sauti ndogo tu, kavu. Akaanguka. Nikampiga tena begani, na tena mgongoni, akitambaa. Ningeendelea. Shemeji aliniangusha kwa kunipiga kisogoni na besi yenyewe, na watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Mahakama ilinipa mwaka mmoja kwenye nyumba ya kuachia unga. Siku tisa za mwanzo arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilinishika kisawasawa. Mifupa iliuma hadi nikatamani kuitoa. Nilivunja kitanda, nikamng'ata sikio msimamizi, jibaba ambalo nalo lilikuwa teja kabla yangu. Hakunipiga. Alinilaza kifudifudi sakafuni, akanikalia mgongoni kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi, akaniambia ameshang'atwa na watu wenye meno mabaya kuliko yangu. Nilimtukania ukoo mzima. Aliponyanyuka, ilikuwa asubuhi na nilikuwa nimelala.

Nilipotoka nilipata kazi kwa seremala, kupiga msasa viti na meza. Miaka miwili nikakaa safi. Nilikuwa na kiapo kimoja tu: nisimwinulie mtu mkono. Najijua. Kwangu ngumi na unga huingia kwa mlango mmoja; nikifungulia kimoja, cha pili kimeshavua viatu sebuleni. Na nilikuwa na shida moja tu duniani, mdogo wangu anikubali tena. Hakupokea simu zangu. Akiniona upande huu wa barabara, anavuka.

Dada yetu ndiye aliyetukutanisha. Alituita kwake kila mmoja kwa uongo wake, akafunga mlango kwa ufunguo, akakaa juu ya ufunguo. Promota mmoja alikuwa tayari kutupa ukumbi, Shoti irudi, onyesho moja la mchana. Mdogo wangu alizungumza na ukuta. Alisema atakuja kwa ajili ya muziki, si kwa ajili ya mtu. Ukweli ni kwamba naye alishakwisha. Alikuwa akiimba kwenye baa na meno ya bandia, watu wanaendelea kula.

Tulifanya mazoezi kwenye karakana ya shemeji ya kuchomelea mageti na magari. Nikahesabu hadi nne, tukaanza wimbo wetu mkubwa, ule uliotutoa. Ulianguka kabla ya kiitikio. Tukarudia, ukaanguka tena. Mdogo wangu alifika mwisho wa kila mstari akitweta kama aliyekimbizwa na mbwa. Akasema naharakisha. Shemeji akaleta kile kidude cha kuhesabia mdundo, akakiweka juu ya spika, na nilikuwa sawa nacho kabisa, pigo kwa pigo. Ndipo nikaelewa. Ngoma yangu haikuchelewa tena, na zile nyimbo bila kuchelewa hazikuwa na mahali pa yeye kupumulia.

Nilijaribu kuchelewa kwa makusudi. Haiwezekani. Ni kama kujikwaa kwa makusudi, kila mtu anaona unaigiza. Nilimweleza, hakuamini. Aliona namkomoa, kwamba baada ya meno sasa nataka na sauti. Siku ya pili alinichapa waya mgongoni. Siku ya tatu alinirushia kipande cha nondo, kikanipasua juu ya jicho. Nilishika kigoda changu kwa mikono miwili hadi vidole vikafa ganzi, nikimwangalia, nikimtamani shingo. Shemeji alisema karakana ile imeshaingiza magari yaliyobingirika mtoni yenye nafuu kuliko sisi, na kwamba akipata chuma cha kutosha atatuchomelea geti katikati.

"Ulikuwa mpiga dramu ulipokuwa teja," mdogo wangu aliniambia. "Sasa wewe ni saa ya ukutani."

Iliniuma, kwa sababu na mimi nilishaanza kufikiri hivyo.

Siku ikafika. Saa tisa alasiri ukumbi ulishajaa, wengi wao wamekuja kuona kama tutapigana. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha kuvalia, nafunga vidole plasta, mdogo wangu akaingia na kufunga mlango. Akatoa karatasi iliyokunjwa, akaiweka juu ya meza mbele yangu, karibu na vijiti.

"Kidogo tu," akasema. "Cha saa moja. Wimbo utarudi, halafu wewe rudi kwenye uzima wako."

Mate yalinijaa. Nasema kweli, miaka miwili yote ya msasa na vumbi la mbao iliyeyuka, na mwili ukainuka kumpokea mgeni wake. Nilichofanya sikukipanga. Nilimkaba. Nilimbeba kwa koo hadi ukutani, kioo kikapasuka nyuma ya kichwa chake, meno ya bandia yakamtoka na kuanguka sakafuni. Ngumi yangu ya kulia ilikuwa juu tayari.

"Piga," akasema kwa mdomo mtupu. "Maliza."

Nilikuwa nataka. Nilitaka kumpiga hadi asibaki na uso wa kumfananisha na mama. Lakini nilikuwa nimemshika, na mkononi niliuhisi mwili wake ukitetemeka, wote, kuanzia kooni. Alikuwa anaogopa kutoka pale nje. Mdogo wangu, aliyekuwa akipanda jukwaani kama anapanda kitandani kwake, alikuwa anaogopa kama nilivyoogopa mimi siku ile chooni. Nikamwachia.

Niliifungua ile karatasi juu ya sinki, nikafungulia maji. Kidogo kilibaki kwenye kidole gumba. Nilikiangalia kidole kile muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, kisha nikakisugua kwa sabuni na kucha hadi kikachubuka.

"Wa kwanza ulinipa wewe," nikamwambia bila kugeuka. "Mama amekufa amenikasirikia mimi, na nikanyamaza. Leo sibebi dhambi yako tena. Toka ukaimbe."

Aliokota meno yake, akayasuuza kwenye sinki ileile, akatoka.

Nilihesabu hadi nne, tukaanza na ule wimbo mkubwa. Ngoma ilianguka pale inapotakiwa. Ubeti wa kwanza alivumilia, wa pili akaanza kubaki nyuma, anameza maneno, jasho linamtiririka. Watu wakaanza kuguna. Mmoja akapiga mluzi. Mdogo wangu akaacha kuimba. Akavua gitaa, akaliweka chini, akazunguka dramu akaja kwangu. Simu zote zikainuliwa.

Ngumi ya kwanza ilinipata sikioni. Ya pili puani, nikasikia ikivunjika. Nilikuwa na vijiti viwili mkononi na uso wake uko wazi, umbali wa kiwiko, na mikono yangu inaijua njia. Nikaendelea kupiga ngoma. Akanipiga mdomoni, jino likalegea. Shemeji akaanza kuja, nikamtikisia kichwa. Akabaki pale pale na besi yake, analia huku anapiga, lijitu zima na ndevu zake. Ukumbi ulikuwa unashangilia kama watu wanaotazama majogoo wakipigana. Niliwachukia. Nilimchukia na yeye, damu inanijaa mdomoni na kudondokea ngoma ndogo, na kila kijiti kikigonga inaruka matone. Nilijiambia pigo moja zaidi akinipiga namwua. Akapiga, sikumwua. Nikajiambia tena. Akapiga tena.

Sikuacha na sikuchelewa. Sijui zilikuwa ngumi ngapi. Mkono wake ulikuwa unavimba, kila ngumi inakuja dhaifu kuliko iliyotangulia, hadi ya mwisho ikawa ni kama ananisukuma. Akayumba hadi nyuma yangu, akaniangukia mgongoni. Paji lake la uso likawa shingoni kwangu, limelowa, na kifua chake kimelala juu ya mgongo wangu. Nilimsikia akihema ovyo, juu juu. Mimi nikaendelea. Ngoma ilikuwa inapita mwilini mwangu kuingia mwilini mwake, hapakuwa na njia nyingine ya kupita. Taratibu ile pumzi yake ikaanza kutulia. Ikaanza kuingia baada ya pigo la nne na kutoka kwenye la kwanza, mahali ambapo hakuwahi kupumulia tangu tuanze muziki.

Akanyanyuka. Akarudi kwenye maiki bila gitaa, akashika chuma cha maiki kwa ule mkono mzima, akaimba kiitikio. Sauti ilikuwa mbaya, imekwaruza. Lakini ilikuwa ndani ya mdundo, kila neno limekaa pake, na ule wimbo ambao nimeupiga labda mara elfu moja niliusikia siku ile kwa mara ya kwanza. Nikalia kwa sauti. Hakuna aliyenisikia, maana spika zilikuwa kubwa.

Tulipomaliza, watu walipiga kelele, sijui za nini. Mdogo wangu hakuwaangalia. Alinijia, ule mkono uliovimba kaushika kwapani, akainama karibu na sikio langu zima.

"Unaofuata uende hivi hivi, kaka," akasema. "Nitaufuata."

Nikatema damu pembeni, nikafuta vijiti kwenye suruali, nikahesabu hadi nne.