Nyuma ya Shuka la Abdulkarimu

Usiku ule kila mtu aliniambia nitoke, na kila mtu nilimjibu sitoki. Wanaosema nilimvunjia heshima baba mkwe waendelee kusema, midomo ni yao. Mimi nilikuwemo mle ndani, nitasimulia mwenyewe.

Naitwa Atupakisye. Nimezaliwa Lupepo, nimeolewa Suma, na wakati huo nilikuwa kiwandani, nachambua chai. Kisa chenyewe kilianza zamani, kabla hata posa haijafika kwetu. Gari la sinema lilikuja Lupepo likatuonyesha picha ya Kihindi kwenye ukuta wa shule. Picha yenyewe nyimbo mwanzo mwisho. Kuna mama mjane na binti yake mdogo, na wana wimbo wao. Nusu ya kwanza mama anaimba kwa sauti, dunia nzima inasikia. Nusu ya pili anamnong'oneza binti sikioni, basi sisi watu wa Lupepo tukaambulia kuona midomo tu. Mafuriko yakaja, yakawatenganisha. Mama akazunguka miji na miji akiimba ile nusu yake, mpaka siku moja akasimama kwenye geti la nyumba kubwa. Ndani ya nyumba hiyo binti ameshakuwa mtu mzima, ameolewa. Sisi tunajua, mama hajui. Mama akaanza kuimba. Binti dirishani akainua kichwa.

Na hapo hapo, mvua! Mvua ya kwetu mnaijua, haipigi hodi. Mwenye gari akafunika mashine yake kwa turubai, akaondoka, na picha yangu akaondoka nayo.

Sasa nikuulize wewe: alimfungulia mama yake au hakumfungulia? Mimi swali hilo nililala nalo na kuamka nalo. Niliolewa nikiwa nalo. Kila asubuhi nikifagia uwanja naimba ule wimbo, maneno ya Kihindi nimejitungia mwenyewe, na nikifika pale mama alipoishia, nakata. Mume wangu Ackson alikuwa akiniambia, "Si umalizie basi, au unyamaze." Nimalizie nini, kitu nisichokijua?

Basi ikaja ile miaka biashara zilipofunguliwa. Sabuni ikarudi madukani, mitumba ikajaa, kila mwenye kibanda akawa tajiri mdomoni. Abdulkarimu, mfanyabiashara wa Bulyaga, pale pale Tukuyu mjini, akachukua lile jengo lililokuwa duka la kaya enzi za mgawo. Mbele akauza sabuni na vitenge, na ukumbi wa nyuma akatundika shuka jeupe, akawa anakodi mashine ya sinema kutoka Mbeya. Siku hiyo pikapu yake ikapita barabara ya kiwandani na spika juu, inatangaza picha ya jioni, na kutoka kwenye kaseti ukalia ule wimbo. Wimbo wangu! Nusu ile ile, ukakatwa pale pale. Nikaachia trei ya chai ikamwagika yote. Msimamizi akanifokea, sikumsikia hata kidogo. Nilichosikia ni yule mtangazaji anasema picha ni leo tu, kesho mashine inakwenda Kyela, na ikitoka huko inauzwa, kwa sababu watu sasa wanataka video.

Nikamwambia Ackson, "Leo tunakwenda sinema."

"Baba akisikia?"

"Asikie. Naenda kuangalia picha, siendi kilabuni."

Hapa lazima niwaeleze, maana kuna watu hawajui mambo ya kwetu. Sisi Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mtoto, haonani na baba mkwe wake. Tunaishi naye boma moja, migomba tu ndiyo inatutenganisha, lakini akija njiani mimi naingia migombani najifunika khanga. Akitaka kupita karibu na kwangu anakohoa, nami nakimbia ndani. Siongei naye, naye haongei nami. Jina lake silitaji hata leo, nikitaka kumtaja nasema mzee. Uso wake sikuwa naujua, ila kikohozi chake ningekitambua hata sokoni. Si ugomvi, ni adabu, na mimi nimeishika vizuri kuliko wengi wanaonisema.

Tukadandia lori la chai mpaka Bulyaga. Mlangoni alikaa Hajira, mke mpya wa Abdulkarimu, katoka Tanga hata mwaka hajamaliza. Mcheshi huyo! Anauliza kila mtu kwao, habari za kwao, mifugo ya kwao. Ackson akamwambia sisi ni wa Suma, akamtajia na jina la baba yake. Hajira akacheka, akatukalisha benchi la kati, akatubakizia na nafasi pembeni yangu ya kuwekea mwavuli.

Taa ikazimwa. Mashine ikaanza kunguruma, na yule mama mjane akatokea. Nilimshika Ackson mkono mpaka akalalamika. Mama akamnong'oneza binti, maji yakaja, watu wakalia, mimi nikalia nao. Nikasema moyoni, leo hata jengo lianguke, naona mwisho.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Nikafikiri nimekisikia vibaya. Kikarudi, mlangoni pale, kikavu, kifupi. Nami nimekwama katikati ya benchi, watu kulia na kushoto. Halafu nikaona tochi inakuja, na Hajira nyuma ya tochi, amemshika mtu mzima mkono na furaha imemjaa.

"Karibu baba, karibu. Si umeniambia unatoka Suma? Wanao hawa hapa, nilikuwekea nafasi bila kujua! Mwanangu, sogea, baba akae na wewe."

Akanimulika tochi usoni.

Mayo wee! Wanawake walipiga yowe ukumbi mzima. Mimi khanga kichwani, kichwa magotini. Mzee naye akageukia ukuta, kajifunika uso kwa kofia. Mashine ikazimwa, karabai ikawashwa, na Hajira akabaki ameduwaa na tochi yake, anauliza kwani kuna nini, kuna nini jamani.

"Mama, toka," sauti zikaanza. "Toka, mama, mpishe mzee."

Abdulkarimu akaja anahema. Yeye kaishi Tukuyu siku nyingi, akaelewa mara moja. "Dada yangu, tafadhali. Pesa yako nakurudishia yote."

"Pesa kaa nayo," nikamjibu humo humo ndani ya khanga. "Mimi nataka picha."

Ackson akainama. "Mke wangu, twende nyumbani. Nitakuhadithia."

"Utanihadithia nini, nawe utakuwa nyumbani?"

"Basi nitamwuliza mtu."

"Thubutu! Sitoki, Ackson. Mvua ilinitoa, hamnitoi nyinyi."

Nilijua desturi inasemaje, kwamba anayepisha ni mwanamke, na sijawahi kuibishia. Nimepisha njiani, nimepisha kisimani, nimepisha msibani. Lakini hiyo picha isingerudi tena Tukuyu, na mimi roho yangu ilikuwa mle ndani ya mkanda.

Mtu mmoja akamwambia mzee kwa upole, labda yeye arudi kesho. Mzee akajibu, uso ukutani, "Kesho mashine iko Kyela. Gwe Ackson, mwambie huyo mwenzio, hata mimi sitoki."

Ukumbi ukacheka. Na mimi ndani ya khanga, Mungu anisamehe, nusura nicheke. Nilikuwa sijui kama mzee ni mbishi hivyo.

Hajira akachuchumaa miguuni pangu, anataka kulia. "Nisamehe, dada. Kwetu mkwe ni mzazi tu."

"Na kwetu ni mzazi. Ndiyo maana namkimbia. Hebu niambie, nyuma ya lile shuka kuna nini?"

"Hakuna kitu, maboksi ya sabuni."

"Picha inaonekana?"

Akafikiri. "Inaonekana."

"Basi nipeleke."

Nikapita katikati ya watu nimejifunika gubigubi, Hajira ananivuta kama kipofu, wengine wananiguna, wengine wananipigia makofi. Tukainua pindo la shuka, tukaingia. Nikakaa juu ya maboksi, nikavuta khanga nyuma. Upande wa pili nikasikia mzee anakaa, karibu kabisa na shuka, benchi la mbele. Kati yetu kitambaa kimoja tu. Adabu haijavunjika hata kidogo, na picha naiona.

Ila naiona kinyume! Aliyekuwa kulia yuko kushoto. Kwenye harusi ya binti wote wakala kwa mkono wa kushoto, hata bwana harusi. Hajira alikuwa amekaa nami, asitake kuniacha peke yangu, akaziba mdomo. "Astaghfirullah, hawa watu wazima kabisa!" Tukacheka kimya kimya mpaka maboksi yakayumba. Mimi sikujali. Wangetembea kwa vichwa ningeangalia hivyo hivyo.

Mama akafika getini, akaimba nusu yake. Binti akainua kichwa. Nikasimama wima.

Mkanda ukaisha. Mtambo ukabaki unapiga taf taf taf, na karabai ikawashwa ili waweke mkanda wa mwisho. Nilitamani kulia kwa hasira. Ndipo nikasikia Ackson ameketi kwa baba yake, anamwuliza chini chini, "Baba, wewe na sinema wapi na wapi? Umefuata nini huku?"



"Nimemfuata mkeo," mzee akasema. "Kila asubuhi anafagia huku anaimba. Akifika mahali, anakata. Tangu umuoe. Mimi nakaa migombani nasubiri aendelee, haendelei. Leo lile gari limepita linaimba wimbo wake, nalo likakata hapo hapo. Nikasema nitakwenda nisikie mwisho wake kabla sijafa."

"Si ungeuliza tu, baba."

"Ningemwuliza nani?"

Mimi huku nyuma nikakaa tena juu ya maboksi. Miaka yote ile nilidhani kwa mzee mimi ni kivuli tu kinachokimbilia ndani. Kumbe alikuwa anasikiliza. Hajira akanishika bega, akauliza naumwa? Nikamwambia siumwi, anyamaze, taa inazimwa.

Mkanda wa mwisho ukaanza. Binti akashuka ngazi mbio, akafika kwenye geti. Geti la mbao, refu, huoni ng'ambo. Barazani wakwe zake wote wamesimama wanamtazama. Binti akaweka mkono kwenye komeo. Ukumbi mzima ukapiga kelele, "Fungua! Fungua!" Na mimi nikapiga, nikasahau kabisa nani yuko upande wa pili.

Hakufungua.

Akaondoa mkono. Akaegemeza paji la uso kwenye mbao, akaimba nusu ya pili. Taratibu, mpaka mwisho. Huku nje mama naye akaegemeza uso wake pale pale, akasikiliza. Halafu akaanza tena nusu yake, binti akamjibu, mama akaanza, binti akamjibu. Wakawaacha hivyo, mmoja ndani mmoja nje, picha ikaisha.

Wacha watu wafanye fujo! Picha ya Kihindi gani haifunguliwi mlango? Benchi zikapigwa mateke, Abdulkarimu akajifungia dukani. Na mimi nilikuwa wa kwanza kukasirika. Nimesubiri toka usichana wangu, nimedhalilika mbele ya mji mzima, nimekaa juu ya sabuni, halafu hakufungua! Kwenye lori nilikaa nyuma kabisa, mzee kapewa kiti mbele kwa dereva, na njia nzima nilimsema yule binti. Muoga. Hana shukrani. Ackson akasinzia akaniacha naongea peke yangu.

Asubuhi niliamka na hasira zangu zile zile. Ukungu umeshuka, migomba inadondosha maji. Nikachukua fagio, nikaanza kufagia kwa nguvu, na bila kufikiri nikaanza wimbo. Nikafika pale pa siku zote. Mdomo ulishazoea, ukakata wenyewe.

Nikasikia kikohozi migombani. Nikageuka nikimbilie ndani.

Halafu nikasikia sauti. Nzito, ya kizee, inakwaruza, maneno ya Kihindi kajitungia mwenyewe. Alikuwa anaimba nusu ya pili. Alikosea mahali, akarudia, akaendelea mpaka mwisho.

Nikasimama na fagio langu mlangoni, machozi yananitoka, simwoni na yeye hanioni. Akanyamaza. Nikajua anasubiri.

Nikajifunika khanga vizuri, nikarudi uwanjani, nikaanza tena nusu yangu.