Hata Kipele Kimoja

Getruda alifika Chinongwe asubuhi ya kuvunja matanga akiwa na nyembe mbili mpya ndani ya pochi, na chuki ya zamani kifuani. Dereva wa bodaboda alimsemesha njia nzima tangu Nachingwea, kuhusu mvua, kuhusu korosho, akajibiwa "mh" mpaka akachoka mwenyewe.

Chuki hiyo ilianza siku ya mazishi. Mdogo wake, Eustakio, alikufa kwa ugonjwa wa figo, na hilo Getruda hakulibishia. Daktari alishasema na kila mtu akasikia. Lakini jeneza lilipofunguliwa ili ndugu waage, aliinama akaweka shavu lake kwenye shavu la marehemu. Ndevu zikamchoma. Alipoinua kichwa na kutazama vizuri, akaona kwamba chini ya zile ndevu uso wa mdogo wake umeharibika: vipele kuanzia tayani hadi kooni, vingine vimetunga usaha, vingine vimepasuka na kukaukia damu. Uso ule! Uso aliokuwa akiuosha yeye tangu mama yao alipofariki, Eustakio akiwa bado anatambaa. Getruda alipiga yowe, watu wakamshika mabega wakidhani ni uchungu wa kufiwa. Uchungu ulikuwepo, lakini zaidi alikuwa na hasira.

Hata kaburi halijafukiwa, alishampata mwenye kosa. Mke. Nani mwingine?

"Mimi nilimwacha shavu linateleza," aliwaambia wanawake waliolala matanga. "Nilimnyoa kwa mkono wangu huu pale hospitali, asubuhi ile padre alipokuja kumpaka mafuta ya wagonjwa. Nikapitisha wembe mara tatu, mpaka akawa laini kama mtoto. Nikaenda Masasi kufuata marobota yangu ya mitumba. Narudi, mtu amekufa, na uso umekwanguliwa vile! Haya niambieni, nani alikuwa naye?"

Wanawake waliguna. Teodosia, mjane mwenyewe, alikuwa amekaa kwenye mkeka pale pale, anasikia kila neno, na hakufumbua mdomo. Ukimya huo ulimchoma Getruda kuliko ambavyo matusi yangemchoma. Mtu asiye na kosa hujitetea, jamani! Huyu anatazama chini tu, kama anayesemwa ni mwingine.

Kwa hiyo siku hii Getruda alitaka jambo moja, na alilisubiri siku zote za matanga: Teodosia aseme mwenyewe, mbele ya ukoo, kwamba ndiye aliyemharibu Eustakio uso. Na mahali pa kumsemeshea palikuwa hapo hapo, chini ya wembe. Kwa ukoo wao, wifi ndiye anayemnyoa mjane kichwa, kisha mjane anamnyoa wifi, ndipo msiba unahesabiwa umetoka nyumbani. Zamani wembe ulikuwa mmoja. Tangu ukimwi uingie, kila kichwa kina wembe wake. Aliyeanza kunyoa haruhusiwi kuacha katikati, na anayenyolewa hainuki mpaka amalizwe. Akiinuka, au akilia kwa ajili ya wembe, basi kila mtu atasema ana jambo analolificha, na maneno hayo yatamfuata mpaka anazeeka.

Teodosia alikuwa ameshajiandaa uani. Mkeka umetandikwa, kando yake beseni la maji ya moto, taulo dogo na kipande cha sabuni ya mche. Ndugu walikaa wakizunguka, mjomba Bonifasi kwenye kiti, kofia magotini. Mwamina, mtani wao wa upande wa Wayao, alikuwa ameshajiweka mbele kabisa ili asipitwe na kitu.

Getruda alilisukuma beseni kwa mguu.

"Haya maji ya moto ya nini? Tunanyoa au tunasonga ugali?"

Akachota maji baridi kwenye kikombe, akalowesha kiganja, akakipitisha kichwani kwa wifi yake kama mtu anayefuta meza. Kisha akafungua wembe na kuanzia kisogoni, kwenda juu, akipingana na nywele.

Wembe ulilia krrr, krrr.

"Ala!" Mwamina akaruka. "Mtani, unanyoa mtu au unapara samaki?"

Watu wawili watatu walicheka, kisha wakaona uso wa Getruda wakaacha. Mjomba Bonifasi alikohoa. "Mama, mtilie mwenzio sabuni."

"Mjomba, nimeshanyoa watu kabla ya leo."

Akaendelea. Mara ya kwanza nywele zilitoka. Akarudia pale pale, pakavu, bila hata kulowesha. Akarudia tena, sasa akikandamiza, mpaka ngozi ya nyuma ya sikio ikaanza kutoa vitone vya damu. Vidole vya Teodosia viliukamata mkeka vikaukunja. Getruda aliviona, na si kumsingizia: alifurahi.

"Inauma?" alimnong'oneza. "Na yeye ilimuuma."

"Nyoa, wifi."

"Sema kwanza. Sema watu wasikie. Nani alimkwangua mdogo wangu?"

"Nyoa umalize."

Nusu ya kichwa, upande wa kushoto wote, ilikuwa imeshakwisha na kuwa nyekundu. Getruda alijiona anashindwa. Huyu mwanamke halii! Alikuwa ametayarisha kila kitu isipokuwa hilo, na hasira zikampanda mpaka sauti ikamtoka nje ya kipimo.

"Mtu amekufa anajikuna, wewe umekaa tu! Hukumpenda! Hukumpenda hata siku moja!"

Teodosia akaachia mkeka.

"Alinikataza nisiseme," alisema. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia.

"Nani alikukataza?"

"Mdogo wako. Alisema, dada kaninyoa kwa mapenzi, usimwambie, utamvunja moyo. Nikamwahidi. Umenitukana nimenyamaza, umenichafua kwa majirani nimenyamaza. Sasa basi. Huko aliko atanisamehe." Aliongea akitazama mbele, kichwa chake cha nusu kikiwa wazi kwa watu wote. "Ile asubuhi nilikuwa nje jikoni, namkorogea uji. Narudi, namkuta kajifunika shuka mpaka machoni. Kikombe cha maji baridi dirishani. Sabuni hakuna. Umempitishia wembe mara tatu kutoka kooni kwenda juu, kama ulivyonifanya mimi sasa hivi. Mtu mwenye ndevu zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi! Kwako ni kuteleza tu, ukishapapasa ukaona panateleza unaondoka zako. Umeshaondoka, vipele vikatoka. Shavu haligusi mto. Alilala chali, anatazama dari, mpaka anakata roho. Na wembe haukumgusa tena. Nani angethubutu kuupitisha juu ya vidonda?"

"Mwongo!" Getruda alipiga kelele. "Mwongo mkubwa wewe! Ulimnyoa mwenyewe nikiwa Masasi, unataka kunibandika mimi!"

"Ulipomuaga," Teodosia akamuuliza, "ndevu hazikukuchoma?"

Getruda aliushusha wembe.

Zilimchoma. Alikuwa amewaambia watu wote habari hiyo, kwamba mdogo wake alimchoma kwa ndevu kama alivyokuwa akimchokoza akiwa hai, na kila alipoisimulia alilia. Zilikuwa ndevu za mtu ambaye hajaguswa na wembe kwa siku nyingi, siku zote zile alizokuwa yeye Masasi anachambua mitumba. Kama mke alimnyoa baada yake, zilitoka wapi? Muda wote wa matanga hakujiuliza hata mara moja.

 Hata Mwamina, ambaye kazi iliyomleta ni kusema, alitazama kucha zake.

"Malizia," mjomba Bonifasi alisema mwishowe. "Kichwa hakibaki nusu."

Getruda aliinama tena. Aliuelekeza wembe kwenye upande wa kulia, akashindwa kuugusisha.

"Vuta beseni," Teodosia alimwambia.

Akavuta.

"Loweka taulo. Likamue. Nifunike nalo hapo, usubiri nywele zilainike. Nimesema usubiri, unakimbilia wapi? Sasa sabuni. Hayo ni maji, mimi nataka povu. Haya, fuata nywele zilivyolala, toka juu kwenda chini. Usikandamize, wembe unakata wenyewe. Suuza. Unataka kurudia? Paka povu kwanza. Pakavu hapapitishwi wembe."

Kila neno lilitoka bila "tafadhali" na bila "wifi". Getruda alitii kama msichana wa kazi aliyeajiriwa jana, mwanamke mzima mwenye meza yake sokoni, na ukoo wote unatazama. Aibu ilimpanda masikioni. Upande wa kulia ulipokwisha, ulikuwa safi, na wa kushoto ulikuwa tayari unavimba.

Kisha ikawa zamu yake.

Alikaa kwenye mkeka, akavua kilemba, akasikia karatasi ya wembe wa pili inafunguliwa nyuma yake. Aliinamisha shingo. Na ukweli ni kwamba alitaka kukwanguliwa. Akwanguliwe, atoke damu, arudi Nachingwea na vipele vyake kichwani. Hapo watakuwa wamelipana, na yeye atapata pa kuegemea atakapoanza kulisimulia jambo hili.

Kilichomgusa ni taulo la moto.

Liliwekwa polepole, likaachwa mpaka joto likamwingia. Kisha povu, jingi, likisuguliwa kwa ncha za vidole. Wembe ukapita ukifuata nywele, mwepesi, karibu hakuusikia. Teodosia alisuuza, akapaka povu upya, akapitisha wembe tena kwa kukatiza nywele. Akapapasa kichwa chote akitafuta palipobaki, na palipobaki tu akapaka povu kwa mara ya tatu. Kisogoni, pale nywele zinapozunguka, aligeuza mkono kuzifuata zinakoelekea. Mkono ule ulijua kazi. Getruda akaelewa kwamba hivi ndivyo Eustakio alivyokuwa akinyolewa kila Jumamosi, miaka yote ya ndoa yake.

"Nikwangue," alinong'ona. "Nikwangue, wifi, yaishe."

"Thubutu," Teodosia alimjibu sikioni. "Raha hiyo sikupi."

Akammwagia maji ya baridi, akamfuta kwa kumgusagusa bila kusugua, akampaka mafuta ya nazi. Kisha akasimama na kutupa povu nje ya ua.

"Nimemaliza. Msiba umetoka. Chakula kipo, kula ushibe," alisema, sasa kwa sauti ya watu wote, "na ukishashiba, nyumba hii usiikanyage tena."

Getruda alimtazama mjomba Bonifasi. Mjomba alivaa kofia yake.

Alirudi Nachingwea siku hiyo hiyo bila kula. Baada ya siku chache mwanamke mmoja wa Chinongwe alikuja mezani kwake kuchagua magauni, akampa habari ambazo hakuziuliza: Teodosia kichwa kimemtoka vipele upande mzima, halali ila kwa ubavu wa kulia, upande wa pili hauwezi mto. Getruda alikunja gauni lile lile mara mbili. Kilemba kikamlegea alipoinama, na yule mwanamke akashangaa.

"He! Dada Getruda, umenyolewa ukanyoleka! Hata pele! Nani huyo, nami nimpelekee mwanangu?"

Getruda alisema hajui jina lake.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, alikaa bafuni mbele ya ndoo ya maji na kupitisha vidole kichwani. Alianzia kisogoni kwenda juu, akipingana na vinywele vilivyoanza kuota. Nyuma ya masikio. Utosini. Alitafuta kipele, hata kimoja, hata kidogo cha kuwasha tu, ili aweze kusema kwamba na yule mwanamke alimuumiza. Hakukiona. Akarudia tena toka mwanzo, na alipofika kisogoni, pale nywele zinapozunguka, aliacha kutafuta, akalia kwa sauti mpaka majirani wakasikia.