Chupa ya Kwanza ya Jumamosi

Daktari wa hospitali ya mji wa Wote hakuzungukazunguka. Alimwonyesha Mutie picha ya ini lake, akamweleza kwamba maji yaliyoanza kujaa tumboni chanzo chake ni pale, kisha akamwambia pombe basi. Si kupunguza, basi. Ugonjwa wenyewe haukuletwa na chupa, alisema. Ulikuwa wa virusi vilivyojificha mwilini miaka mingi, ila chupa sasa ingevimalizia kazi. Mutie aliuliza maswali mawili, akajibiwa, akashukuru. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akipima uotaji wa mbegu za mtama na kunde katika kituo cha utafiti pale Kiboko, na alijua kwamba matokeo hayabembelezwi. Mbegu iliyokataa kuota imekataa. Akavaa kofia yake, akatoka.

Kuacha pombe hakukumtisha, maana hakuwa mlevi. Kilichomtisha ni Jumamosi.

Kila Jumamosi, mpira wa Uingereza ukionyeshwa, Mutie na mdogo wake Kimeu walikaa katika baa ya Nzisa, kando ya barabara kuu ya Mombasa, kwenye viti viwili vilivyoegemea ukuta wa nyuma. Kimeu ndiye aliyeagiza chupa ya kwanza ya kaka yake, tena bia moto, isiyoingia kwenye friji, kwa sababu Mutie hakupenda baridi. Mutie alipiga funda moja, ndipo Kimeu akagusa yake. Mgeni angedhani ni mazoea ya ndugu wanaopendana. Hayakuwa mazoea. Yalikuwa mapatano.

Baba yao alipokufa aliwaachia urithi wa aina mbili: Mutie alipewa shamba la upande wa mtoni, Kimeu akapewa shamba la kilimani pamoja na mizinga ya nyuki. Hakuna aliyelalamika. Tatizo ni kwamba mizinga ile ilining'inia kwenye mgunga mkubwa uliosimama katikati ya shamba la Mutie. Mutie alipostaafu alitaka kuvuta bomba la maji kutoka mtoni, na mgunga ulikuwa njiani. Akamtumia mdogo wake ujumbe aje aondoe mizinga yake. Kimeu hakuja. Akamtumia tena. Siku aliyoitaja ilipofika, Mutie aliuangusha mti.

Kwa sheria hakukosea. Hati ya shamba ilikuwa na jina lake, na onyo alikuwa ametoa. Lakini nyuki walihama, na mizinga aliyoichonga baba yao kwa mkono wake, yenye alama ya ukoo, ikapasuka. Kimeu alisimama kwenye mpaka akatazama mpaka vumbi likatulia, kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo hakumwambia kaka yake neno, jema wala baya, kwa miaka minne. Walipishana kwenye njia ya kanisani kama watu wa nchi mbili.

Wazee wa ukoo ndio waliowaketisha. Aliyekosa alitoa beberu wa kahawia asiye na doa. Aliyekosewa alitoa asali kutoka mizinga aliyobaki nayo, ikatengenezwa pombe. Ndugu hao wawili wakanywa kwa pembe moja, na mzee Muindi, aliyesimamia shughuli, akatamka maneno yaliyotamkwa na waliomtangulia. Atakayekataa pombe ya mwenziwe baada ya siku hiyo, amerudisha ugomvi. Na anayekunywa huku ana kinyongo tumboni, tumbo lenyewe litamjibu.

Mutie alikuwa msomi, na hilo la pili hakuliamini. Lakini pale Wote, picha ya ini ikiwa mbele yake, ndilo lililomjia kwanza. Alijua hali ya moyo wake siku ile aliposhika pembe. Alijutia kimya cha ndugu yake, mti hakuujutia. Kama hicho kilikuwa kinyongo au hapana, hakuwa na chombo cha kukipimia.

Baada ya mapatano iligundulika kwamba amani yao haikuwa na mahali pa kukaa. Walitembeleana mara mbili tatu. Wake zao waliongea. Wao wenyewe walitazama kuku. Maneno yote waliyokuwa nayo yalipita karibu na ule mgunga, kwa hiyo wakayaacha. Kisha siku moja Kimeu akasema Arsenal wanacheza, twende kwa Nzisa.

Hapo ndipo Mutie alipofahamu jambo ambalo hajawahi kuliona limeandikwa popote: kwa nini bia na mpira havitengani. Vijana wa pale walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema bia inapunguza uchungu wa kufungwa. Mwingine, fundi wa pikipiki, alisema mpira ni kisingizio cha kumwambia mke. Hassan, muuza vyuma ambaye wazee wake walitoka pwani, alikaa kati yao na soda yake ya tangawizi kila wiki, nao wakamtania kwamba anaharibu mpira kwa tangawizi.

"Mimi nimekuja kuangalia mpira," Hassan akawaambia. "Nyinyi mmekuja kukaa pamoja, sasa mnaona haya kusema."

Walicheka, lakini Mutie aliona kwamba Hassan amekaribia ukweli. Wanaume wawili wakiketi uso kwa uso lazima mmoja aseme kitu. Wakiketi wakitazama upande mmoja, hakuna anayedaiwa neno. Mpira unayapa macho kazi. Lakini mpira una dakika nyingi ambazo hakuna kinachotokea, na hapo ndipo chupa inapohitajika: inaupa mkono kazi, na mdomo pia. Anayekaa kimya bila chupa watu humuuliza kama anaumwa au ana hasira. Akiwa na chupa anahesabiwa kuwa anapumzika. Soda ya Hassan haikuhojiwa na mtu kwa sababu dini yake ilijulikana. Soda ya Mutie ingekuwa taarifa.

Kwa hiyo alirudi kutoka Wote akiwa amebanwa pande zote. Akiikataa bia bila kueleza, amerudisha ugomvi. Akieleza, atakuwa amemwambia mdogo wake, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba tumbo limemjibu.

Alichagua uongo mdogo. Jumamosi ilipofika, Nzisa akaleta chupa, akaonyesha, Kimeu akaitikia kwa kichwa, ikafunguliwa. Mutie akasema ana dawa za jino, leo atakunywa soda. Alisema bila kumtazama mtu. Kimeu akauliza ni jino lipi. Mutie, ambaye hakuwa na mazoea ya kudanganya, alichelewa kujibu, na uongo ukajulikana. Basi. Kimeu hakugusa chupa yake mwenyewe. Kipenga cha mapumziko kilipopigwa, akasimama, akatoka, chupa mbili zilizofunguliwa zikabaki mezani zikipoteza povu.

Siku ya tatu, Kathini, mke wa Mutie, alipokwenda kufungua lango asubuhi alimkuta beberu wa kahawia amefungwa kwenye nguzo. Hakuwa na doa. Kathini hakuhitaji kuelezwa. Kwa watu wa ukoo ule, mbuzi wa mapatano akirudishwa, mapatano yameisha. Na aliyerudishiwa haruhusiwi tena kuingia katika boma la mwenziwe.

Alimletea mumewe chai, akaketi. Kathini alikuwa mama wa kanisa, na pombe hakuwahi kuionja. Alisema ameomba miaka na miaka Mungu amtoe Mutie kwa Nzisa, na sasa ametolewa kwa namna ambayo yeye hajui hata pa kuanzia kushukuru. Kisha akamwambia amweleze Kimeu ukweli.

"Nikimwambia tumbo limejaa maji," Mutie akasema, "hatanisikia mimi. Atamsikia Muindi."

"Na usipomwambia anamsikia nani? Huyo mbuzi langoni kaletwa na nani?"

Mutie akageuka kutazama lango.

"Utakufa ukiwa na haki, Mutie," Kathini akasema, bila ukali. "Kama ulivyokata mti ukiwa na haki."

Akachukua kikombe, akaingia ndani. Mutie alibaki pale mpaka jua likafika miguuni pake. Hakukuwa na kosa katika hoja ya mkewe, alilitafuta akalikosa.

Kwenda kwa Kimeu hakungewezekana. Kumtumia mtu kungekuwa kuitangazia dunia nzima. Mahali palipobaki ni pamoja tu, kwa Nzisa, napo hapakuwa boma la mtu. Jumamosi iliyofuata alivaa koti, ingawa kulikuwa na joto, ili tumbo lisionekane sana, akatembea mpaka kwa Nzisa.

Kimeu alikuwa kwenye kiti chake. Chupa ilikuwa mbele yake, imeshanywewa nusu, na hakuna nyingine iliyoagizwa. Mutie akaketi kwenye kiti cha pili. Nzisa alikuja mpaka katikati ya chumba, akawatazama, akarudi kaunta bila kuuliza kitu. Vijana waliokaa mbele waliacha kutaniana kidogo, kisha mechi ikaanza, wakasahau.

Mutie alisubiri. Timu zilipasiana mpira kule nyuma, taratibu, kama zinazopimana.

"Kimeu."

"Naangalia mpira."

"Angalia. Mimi nitaongea ukiangalia."

Kimeu akapiga funda. Hakukataa, na Mutie akalichukua hilo kuwa ruhusa.

"Sikukataa pombe yako. Nina ugonjwa wa ini. Nimeambiwa nisiguse hata tone."

"Ulisema ni jino."

"Nilidanganya."

"Mimi nimekaa na wewe hapa miaka mingapi? Ungesema ini, ningekunywa yako na yangu. Kwa nini udanganye?"

Mutie aliiweka mikono juu ya magoti. Kwenye runinga mtu alikuwa amelala chini ameshika kifundo, na mwamuzi akiangalia saa yake.

"Tumbo limeanza kujaa maji," akasema.

 Kimeu alikuwa anainua chupa. Akaishusha mezani polepole bila kuinywa. Mutie alijua amesikia, na alijua alichosikia. Mtu yeyote wa ukoo wao angeelewa. Alikaa akingoja kama alivyokuwa akingoja trei za mbegu, bila kuomba, akijua kwamba lililokwisha kuamuliwa huko chini ya udongo halibadiliki kwa kutazamwa.

Mara penalti ikatolewa. Baa yote ikasimama, wengine juu ya viti, na mbele ya wale ndugu wawili kukabaki ukuta wa migongo. Hawakuona skrini. Hawakuona chochote. Hapo Kimeu akasema, si kwa sauti kubwa:

"Siku ile nilikunywa nikikuchukia."

Mutie akaendelea kutazama migongo ile.

"Unanisikia? Nilishika ile pembe nikiuona mti unaanguka. Nikamwangalia Muindi machoni, nikameza. Na mwaka mzima baada ya hapo nilikuwa nakununulia bia hapa, nakuchukia." Akajipiga kofi moja kwenye tumbo lake jembamba la mkulima. "Hili hapa. Halijawahi hata kuuma."

Wale wa mbele wakapiga kelele, wengine kwa furaha, wengine kwa huzuni. Haikujulikana kama bao limeingia au limekosekana. Mutie aliyapitia maneno ya ndugu yake mara mbili, kama alivyozoea kufanya na matokeo. Watu wawili walikunywa pembe moja wakiwa na kinyongo. Mmoja anaumwa, mwingine mzima. Basi si pembe. Hoja ilisimama. Ilikuwa na udhaifu mmoja tu, kwamba ilitegemea neno la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na sababu nzuri ya kudanganya. Utotoni Kimeu aliwahi kukubali kosa la kuchoma zizi ambalo hakulichoma, akachapwa, na mpaka leo hajasema aliyelichoma. Kulikuwa na njia moja ya kuhakikisha, nayo ni kuuliza.

Hakuuliza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipokea jambo kama lilivyotolewa.

"Na sasa?" akasema.

"Sasa nini?"

"Bado unanichukia?"

Kimeu akafikiri. "Sasa nakunywa tu," akasema.

Mutie karibu acheke. Watu wakaanza kuketi, skrini ikaonekana tena. Fundi wa pikipiki akageuka kumtania Kimeu juu ya timu yake, akaziona nyuso za wazee wale wawili, akameza neno lake.

"Ule mti," Mutie akaanza.

"Uache."

"Ningeweza kulipitisha bomba kando. Ingekuwa mita chache zaidi."

"Nilijua," Kimeu akasema. "Niliipima njia ya bomba mwenyewe, wiki ile ile uliponitumia ujumbe. Nilikuwa nangoja tu uone."

Walikaa. Mchezo uliendelea, mzuri kwa walioutazama. Kisha Kimeu akainuka nusu, akakishika kiti chake kwa mgongo, akakigeuza chote hadi skrini ikawa nyuma yake na kaka yake akawa mbele. Magoti yao yalikaribia kugusana. Kwa mwanga wa mchana, kwa karibu hivyo, Mutie aliona jinsi mdogo wake alivyozeeka.

"Mzee Kimeu, mpira uko huku," mtu akamwambia kutoka mbele.

 Kimeu aliisogeza chupa yake pembeni, kwenye meza ya wengine, akaegemea mbele.

"Daktari alisema nini?" akauliza. "Yote. Hata mabaya."

Mutie akafungua vifungo vya koti, akaanza na jina la ugonjwa.