Hesabu ya Marehemu

Marehemu alikuwa amewaachia wenzake wa ofisini programu ya kupangia watoto wachanga dozi ya dawa, na kesho yake asubuhi ilikuwa inaanza kazi wodini. Mjaribu programu, ambaye ofisi nzima ilimwita Dada Chokonoa kwa kutoacha kitu kikae kwa amani, naye hakuwa na amani. Hesabu yenyewe ya dozi marehemu aliifunga kwa neno private, lisiloruhusu chochote cha nje kuigusa. Kuifikia ilibidi upitie mlango wa mbele, na mlango huo haufunguki bila pampu ya hospitali ya kutia dawa kuunganishwa. Ndiyo maana ilikuwa imejaribiwa kwa uzito wa watoto wachache tu, tena wanene wote.

"Bosi, niruhusu nilitoe hilo neno," alisema. "Siweki public, kila mpita njia akaja kuitumia anavyotaka. Napaacha patupu tu. Jaribio langu litakaa pakeji moja na hesabu, kama watu wa nyumba moja, waonane wao kwa wao."

Bosi alikuwa kaka wa marehemu, na udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. "Mdogo wangu alifunga kwa sababu zake. Mambo ya ndani hayachokonolewi."

"Mficha uchi hazai, bosi."

Utani ulienda mrama. Bosi alikunja uso, na yeye mwenyewe akaona haya. Lakini haya zake zingemfaa nini mtoto wa kilo isiyotimia? Alisimama palepale, hatoki, mpaka bosi akasema, "Haya. Fanya."

Alilifuta neno, akailisha hesabu uzito wa kila namna. Kijani, dozi ni sawa; kijani tena. Uzito ulipopungua kilo moja, skrini ikawa nyekundu: dozi ilitoka mara kumi ya inayotakiwa.

Moyo ulimuuma. Alimpenda sana yule kijana marehemu, na sasa alijiona kama aliyemvua nguo mbele ya nduguye.

Bosi alivuta kiti, akalisahihisha kosa mwenyewe, polepole, hadi pote pakawa kijani. Dada Chokonoa akanyoosha mkono afute jaribio na kurudisha lile private, angalau kwa heshima.

"Acha," bosi alisema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Paache wazi kwa wa nyumbani. Tuliishi nyumba moja, dada, na ugonjwa wake niliujua nilipoitwa kuchukua mwili."